Hodi Iliyofutwa

Mkuu wa karakana alipobanwa na mlango, kila mtu alicheka, na Bisibisi alicheka kuliko wote.

Haukuwa mlango wa jengo. Ulikuwa mlango wa lifti wa majaribio, umesimamishwa katikati ya karakana bila lifti nyuma yake, na pembeni kitufe kimoja cha kuiita lifti. Mkuu alikuwa na wageni wawili waliovaa suti, na mtu mwenye wageni wa suti hujifanya ana haraka hata kama hana pa kwenda. Akabonyeza kitufe, akabonyeza tena, akawa anakigongagonga kwa kidole huku anaongea, kisha akaingiza bega mlangoni ili wageni waone jinsi mlango unavyomheshimu binadamu. Mlango haukumheshimu. Ulikuja ukamkumba bega, chai ikaruka kutoka kikombeni ikamtua kifuani.

"Leo una hasira," Mkuu alisema huku anajifuta. "Punguzeni hiyo nguvu." Akawachukua wageni wake, wakaingia ofisini, akafunga mlango mwingine ambao angalau ulikuwa na adabu.

Bisibisi alipewa jina hilo kwa sababu ya bisibisi anayoichomeka kwenye nywele asubuhi na kuisahau humo mpaka jioni. Jina alilopewa na wazazi wake alilijua mhasibu peke yake pale kazini. Kazi yake ilikuwa kuandika draiva, yaani kile kipande cha programu kinachokaa katikati ya vyombo vya lifti na kompyuta yake, kikipeleka maneno huku na kuyarudisha kule kama mshenga. Alikuwa hodari, na alikuwa anajua kwamba ni hodari, na hapo ndipo palipokuwa na shida.

Mkuu alipokuwa bado amebanwa, Bisibisi alikuwa ametupia macho juu ya mlango huku anacheka, akaiona taa nyekundu inawaka. Mlango wa lifti una jicho. Ni mwali wa mwanga usioonekana, unakatiza kutoka upande hadi upande, na mlango ukitaka kufunga mtu akiwa ameukata, taa nyekundu huwaka na jicho huiambia kompyuta kwamba pana mtu hapa, usifunge. Basi jicho lilikuwa limemwona Mkuu na lilikuwa limesema. Mlango ukafunga vilevile.

Hapo akaacha kucheka. Programu hiyohiyo, isiyopungua wala kuzidi hata herufi, ilikuwa imetiwa juzi kwenye lifti ya jengo analokaa mama yake.

"Kobe," aliita, "hebu shika ufagio."

Kobe ndiye aliyekuwa mpimaji. Hakuna kitu kilichotoka pale karakana bila kupita mikononi mwake, na hakuna kilichopita mikononi mwake upesi. Alikuwa mtu mpole, mwenye adabu hata kwa mashine. Alichukua ufagio, akausimamisha katikati ya mlango, akangoja.

Bisibisi alibonyeza kitufe mara moja. Mlango ukasogea, ukauona ufagio, ukarudi. Akabonyeza tena, ukarudi tena.

"Si unaona?" Kobe alisema. "Mzima kabisa."

Ndipo Bisibisi akakikumbuka kile kidole cha Mkuu. Akakigongagonga kitufe kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Mlango ulikuja bila kusita, ukaubana ufagio, na mpini ukapasuka kwa mlio uliowafanya wote wawili waruke. Juu yao taa nyekundu ilikuwa inawaka.

"Tena," alisema.

Walirudia kwa kipande kilichobaki. Wakati mwingine mlango ulirudi, wakati mwingine haukurudi, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu kitu kinachokosea kila mara hakimdanganyi mtu. Programu waliyoipima kwa juma zima haikuwahi kufanya hivi hata siku moja. Kati ya ile na hii kulikuwa na tofauti moja tu, nayo ilikuwa wambea.

Wambea ni mistari ambayo mwandishi wa programu huipenyeza ndani ya kazi yake ili imletee habari: kitufe kimebonyezwa, jicho limeona mtu, mlango umefunguka. Haina kazi nyingine duniani. Programu ikishapimwa wambea hufukuzwa, maana mteja hanunui umbea. Bisibisi mwenyewe ndiye aliyewafukuza, dakika za mwisho kabisa, fundi wa lifti akiwa amesimama nyuma ya kiti chake na begi mgongoni. Hawakupima upya pale karakana. Nani hupima nyumba upya kwa sababu wambea wameondoka barazani?

Akawarudisha. Akagonga kitufe mpaka kidole kikamuuma, na mlango ukawa mpole kama mwanakondoo. Akawafuta, akagonga, na kipande cha ufagio kikapasuka tena.

Basi akaketi, na kadiri alivyoelewa ndivyo alivyozidi kuogopa.

Pale karakana jambo lenyewe waliliita hodi. Kompyuta ya lifti ina shughuli zake: inahesabu ghorofa, inapima mwendo, inawasha taa. Kitufe kikibonyezwa, au jicho likiona mtu, chombo hicho hupiga hodi. Kompyuta huacha ilichokuwa inafanya, husoma kwenye ubao wake mdogo ni nani aliyebisha, humhudumia, hufuta ubao, hurudi kazini. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Anayeitikia hodi ndiye draiva, na draiva ni mwana wa Bisibisi, na nyani haoni kundule.

Kwa sababu kitufe hakipigi hodi moja. Vyuma vyake vikigusana hurukaruka, na kila mruko ni hodi. Wambea walipokuwepo, draiva alikuwa anasimama kwanza anapiga umbea, na alipokuja kusoma ubao alikuta hodi zote zimekusanyika, ya jicho ikiwemo, akazisoma kwa pamoja. Wambea walipoondoka akawa mwepesi kupita kiasi. Alikimbilia kila mruko peke yake, akasoma "kitufe", akahudumia kitufe, akafuta ubao wote, akakimbia tena. Alitakiwa afute alama aliyoisoma tu. Jicho likibisha wakati ameshasoma na hajafuta, hodi yake inafutwa bila kusomwa na mtu. Na jicho lina adabu. Likishabisha mara moja, halibishi tena.

"Lakini mimi nilipima hata baada ya kuifunga kule kwenye jengo," Kobe alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba akubaliwe. "Nilibonyeza, nikasimama mlangoni, ukarudi. Nikabonyeza, nikasimama, ukarudi."

"Ulibonyeza mara moja moja?"

"Sasa mstaarabu anabonyezaje? Nani anayegonga kitufe namna ile?"

Bisibisi alikuwa anamjua mmoja, na alikuwa amenyonya titi lake.

Mama yake hakuwahi kungoja kitu chochote kwa amani. Alikuwa mtu wa kuinua kifuniko cha sufuria kabla maji hayajapata joto, na ukimwambia haraka haraka haina baraka, anakuambia aliyeitunga hiyo alikuwa hajaoa wala hajazaa. Hata baada ya kuvunjika nyonga, akawa anatembea kwa fremu ya chuma yenye miguu minne, haraka yake haikuvunjika. Ilihamia kwenye vidole. Lifti ya zamani ilikuwa inamsimamisha pale koridoni mpaka mguu unamtetemeka, naye anakigonga kitufe kama anayetwanga. Bisibisi alimwonea huruma. Akambembeleza fundi aanze na jengo lile, kabla ya majengo mengine yote, na fundi akakubali. Mama akawatangazia majirani ghorofa kwa ghorofa kwamba lifti mpya ameiandika mwanawe.

Na daktari alikuwa amesema neno moja lililobaki nyumbani kama harufu ya moshi. Mama akianguka tena, hasimami.

Leo ilikuwa siku yake ya kliniki.

Bisibisi alishika simu na kwanza akampigia fundi, mwenye ufunguo wa kuzima lifti. Fundi alikuwa upande wa pili wa mji, juu ya paa la watu. "Nusu saa, dada, foleni ikinihurumia." Bisibisi akamwambia ashuke aje sasa hivi. Halafu akalitafuta jina la Mama kwenye simu, akalipata, na kidole kikagoma juu yake.

Kila mtu katika ukoo alijua. Mama akisikia simu yake inalia, husimama palepale alipo, hata kama ni katikati ya barabara na magari yanampigia honi. Huweka fremu chini, hufungua mkoba, hutoa leso, hutoa miwani, hutoa dawa, hutoa kila kitu isipokuwa simu. Walikuwa wanacheka kwa hilo kila wanapokutana. Sasa Bisibisi alimwona waziwazi: Mama amegonga kitufe mpaka basi, mlango umefunguka, ameingiza fremu, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na simu inalia. Akaogopa simu yake mwenyewe kama aliyeshika nyoka.

Akampigia mdogo wake. Huyo walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na alikuwa ameshafika chini ya jengo, garini, kumngoja Mama.

"Dada mkubwa! Umeamkaje?" Kitinda alisema. "Mama keshaniambia nisitoke garini, anashuka. Kana kwamba nilikuwa na mpango wa kutoka."

"Panda ngazi. Sasa hivi. Asiingie kwenye lifti."

"Ghorofa ya saba kwa miguu? Nimekukosea nini? Ngoja nimpigie tu."

"Usimpigie!" Alipiga kelele mpaka watu wa meza ya mwisho wakainua vichwa. "Ukimpigia atasimama mlangoni, na mlango haumwoni. Kitinda, lifti itamwangusha Mama. Kimbia."

Hakukuwa na mzaha tena upande wa pili. Alisikia mlango wa gari, kisha viatu kwenye saruji, kisha pumzi. Kitinda hakukata simu. Alikuwa mnene, na hakuwahi kukimbia tangu shule, na sasa Bisibisi alikuwa anamsikia akipanda huku anavuta hewa kwa kelele, ngazi kwa ngazi, mwangwi unamfuata. Akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. Aliogopa, na hofu yenyewe haikuwa na werevu wowote. Ilikuwa ni ile ya mtoto aliyeachwa sokoni.

"Inaita," Kobe alisema nyuma yake, akiingia kutoka nje alikokwenda kutafuta ufagio mwingine.

Akageuka. Kobe alikuwa na simu sikioni, uso wake umejaa wema.

"Nimeona unahangaika na huyo mdogo wako," alisema, "nikaona nimpigie Mama mwenyewe, nimwombe asipande. Si alinipa namba siku ile tunafunga lifti? Inaita."

Bisibisi alimrukia. Alimnyang'anya simu, akabonyeza kukata, ikakatika. Lakini katika simu yake mwenyewe, mbali, juu ya mwangwi wa ngazi na pumzi za Kitinda, alikuwa ameshausikia mlio wa simu ya Mama, ule wa kengele nyingi. Ulinyamaza pale alipokata.

"Uko wapi?" alimuuliza Kitinda.

"Ya tano," Kitinda alikohoa.

Na kutoka juu ikaja sauti ya Mama, nyembamba lakini safi. "Haloo? Haloo? Nani mwenzangu?"

Alikuwa ameitikia simu iliyokwisha kukatika. Alikuwa amesimama.

Bisibisi alisikia kitufe kikilia mara tatu, akijua ni kidole cha nani, maana Mama hakuwahi kuongea na simu akauacha mkono mwingine ukae bure. Akausikia mkwaruzo wa mlango ukianza safari yake. Akajiambia urudi. Akauomba urudi, kwa sauti, mbele ya watu, yeye aliyejua kuliko mtu yeyote hai kwamba mlango hausikii maombi. Kikaja kishindo cha chuma sakafuni, na sauti fupi ya Mama isiyokuwa neno.

"Mama!" Kitinda alikuwa anapiga yowe. "Mama! Mama!"

Bisibisi akaketi chini, kwenye sakafu yenye vumbi la chuma, simu sikioni. Kobe alisimama juu yake, mikono imelegea, anarudia neno moja, samahani, samahani, bila kujua anamwambia nani. Hakuna mtu aliyefanya kazi pale karakana. Hata mashine ya kukatia vyuma mtu aliizima.

Kelele za simu zikawa nyingi. Milango ilifunguliwa, watu walitoka, mtu alisema mleteeni maji. Kisha Kitinda akarudi, anahema. "Yupo. Anaongea. Mlango umemsukuma akaangukia nje, koridoni."

"Ameumia?"

"Amekaa chini, ameegemea ukuta."

"Anaweza kusimama?"

"Hajajaribu," Kitinda alisema.

"Mpe simu."

Kabla Mama hajaichukua, Bisibisi alisikia majirani. Mwanamume mmoja alikuwa anasema kwamba lifti hii mpya ni jini, itaua watu, na sauti ya Mama ikamrukia juu kwa juu, ile sauti ya kugombana na wauza nyanya. "Lifti haina kosa! Kosa langu mimi, nimesimama mlangoni kama gogo. Mlango ufanye nini? Hiyo ameiandika mwanangu, na mwanangu hakosei." Ndipo akaja kwenye simu, na sauti ikabadilika, ikawa ndogo. "Haloo, mwanangu. Usilie. Nimepumzika tu hapa chini."

"Mama, mguu unauhisi?"

"Mguu ni wangu, nitaacha kuuhisi?" Akavuta pumzi kwa meno, na Bisibisi akaisikia. "Usimwambie bosi wako. Nitasema niliteleza."

"Mama, hukuteleza. Ni mimi. Nilifuta vitu kwenye programu nikaiachia itoke bila kupimwa upya. Mlango ulikuona ukanyamazishwa, na aliyeunyamazisha ni mimi."

Mama alijibu kwa mnong'ono, mkono umefunika mdomo wa simu, kama alivyokuwa anamnong'oneza zamani mbele ya wageni.

"Nyamaza wewe. Watu wamejaa hapa."

Nyuma ya mnong'ono huo, mtu mwingine alisema, "Basi kama haina kosa, mimi nawahi kazini." Na Bisibisi akasikia kitufe kinagongwa. Kinagongwa tena na tena, na mtu mwenye haraka zake, mtu ambaye hakuwahi kumwona wala hatamwona.

"Mama, weka spika."

"Ya nini?"

"Weka spika, Mama. Nataka wasikie."

"Watakufukuza kazi. Watakusema mpaka kaburini kwangu."

"Weka."

Mlango wa ofisi ulifunguka, Mkuu akatoka na wageni wake, akamkuta mwandishi wake bora wa programu ameketi sakafuni kati ya vipande vya ufagio, akaanza kuuliza kuna nini, kisha akaacha. Bisibisi aliwaona wote watatu wamesimama, na hakuinuka.

Sauti ya kule ikapanuka ghafla. Aliisikia korido nzima: watoto, kandambili, Kitinda anayehema, mlango wa lifti unaofunguka.

"Jamani, mtu asiingie," alisema, na sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Lifti hiyo ni mbovu. Mama yangu hakukosea. Aliyeiharibu ni mimi."